Kilemba cha Melania

Akina mama wa jumuiya walikuwa wamemzunguka Bibi Skolastika kitandani, mikono juu, wakimwombea tangu asubuhi. Mara tatu Melania alimsikia mgonjwa akinong'ona kwamba amelowa. Hakuna aliyefumbua macho.

Melania akavua kilemba chake cheupe cha sare ya jumuiya, akakichovya kwenye beseni la maji, akamfunua bibi na kuanza kumfuta mapaja.

"Dada Melania, unakatiza ibada," mwenyekiti akamkemea.

"Ibada gani, Mama Mwenyekiti? Mnamwita Mungu aje, na huyu mmemwacha alale kwenye mkojo. Shusha hiyo mikono, ushike mguu huu."

Mwenyekiti alibaki amesimama, mikono ingali juu, huku maji ya kilemba yakichuruzikia viatu vyake.