Koti la Kupitia Getini

Ofisa alikuwa ameshainua muhuri augonge kwenye barua yangu ya kutibiwa macho bure, ndipo akaliangalia koti langu vizuri. Mkono ukabaki hewani.

"Mzee, huduma hii ni ya wasiojiweza."

"Ndiyo mimi, mheshimiwa."

"Na koti hili?"

Mara tatu nilikuja na shati langu la mtumba, mlinzi akanifukuza getini kama mbuzi aliyepotea. Leo nimeuza baiskeli, nimenunua koti la wakubwa, na mlinzi huyohuyo kaniita bosi. Binti yangu alinionya, "Baba, shati safi linatosha." Marehemu mama yake angesema hivyohivyo, ila kwa kelele zaidi. Lakini kosa si langu. Wakubwa ndio walioweka geti linalotaka tajiri na meza inayotaka maskini.

"Mwenye koti hili anajiweza," ofisa akasema, akaurudisha muhuri mezani bila kuugonga.

Ndani nilikuwa na shati lilelile la mtumba. Kola na kifua nilivipiga pasi. Mgongo uliisha siku nyingi, umebaki uzi na Mungu.

"Mheshimiwa, usiuweke mbali huo muhuri."

Nikavua koti, nikampa mgongo.