Mkia wa Swala

Zamani wanyama walikuwa na barabara moja, na Nyani aliwekwa kwenye kona azuie mbio. Aliyekamatwa akikimbia alisimamishwa juani kutwa nzima. Basi Swala, kila akishampita Nyani, huwatikisia mkia wanaokuja, kuwaonya kwamba Nyani yupo, nao hupunguza mwendo mpaka wapite kona, kisha mbio kama kawaida.

Siku moja Nyani alikwenda msibani. Swala alipofika konani akamkuta Mama Kanga anavusha vifaranga, na huko mbele Nyumbu na kundi lake wanakuja kwa kishindo. Hata angepiga kelele, nani angemsikia? Akatikisa mkia.

Wote wakaanza kutembea, wapole kama waendao ibadani.

"Shemeji, umetuongopea!" Nyumbu akasema. "Nyani yuko wapi?"

"Hayupo. Hebu tazama miguuni pako."

Kifaranga cha mwisho kilikuwa kinapita katikati ya kwato zake, hakina habari. Nyumbu hakuthubutu hata kupumua.

"Ee Mola," Swala akanong'ona, "mkia huu nimeutumia kuwakwepesha wenzangu sheria miaka yote, nawe leo umeutumia kuokoa roho!"

Ndiyo maana mpaka leo mkia wa Swala hautulii, Nyani awepo asiwepo.