Mzio wa Paka

"Mnafuga paka?" daktari wa kiwanda cha saruji aliuliza bila kuinua macho.

"Tunaye mmoja," alisema Mwanaidi. Mapajani mwake binti yake Saumu, mwenye miaka mitano, alikuwa akipumua kwa mluzi.

"Basi ndiye huyo. Mtoto ana mzio wa manyoya."

"Daktari, huyu kazaliwa chini ya bomba la moshi. Mtoto wa jirani alikohoa hivihivi mpaka akafa, na kwao hawajawahi kufuga paka."

"Mama, mumeo ameajiriwa hapa. Nyumba mnayolala ni ya hapa. Niandike moshi?"

Mwanaidi alimfuta mtoto jasho. Daktari akaandika: paka.

Jioni ile mumewe alimtia paka kwenye mfuko mtupu wa saruji, akaufunga kwa kamba. Saumu alimfuata hadi mlangoni, ameshika kifua.

"Baba, ataweza kupumua humo?"

"Kwanza upumue wewe."

Nyuma ya nyumba za wafanyakazi alianza kuchimba. Jembe likaibua mfuko mwingine wa saruji, nao umefungwa kwa kamba, manyoya ya paka yakichomoza penye tundu. Akasogea hatua mbili, akachimba tena. Hapo palikuwa na miwili.