Majani ya Tausi

Katika mji wao, kila mtoto aliyezaliwa alipewa mche wa mlimau ukue naye ndani ya nyumba. Majani yakiharibika, mtoto alipelekwa kwa wazazi wengine. Asubuhi hiyo mkaguzi aliinamia mche wa Tausi, binti mchanga wa Sikudhani, akayatazama majani yaliyojaa madoa ya manjano.

"Humtunzi huyu mtoto, mama," alisema.

Damu ilimchemka Sikudhani. Aligeuza jani moja, akamwonyesha utando mwembamba na vidudu vyekundu vikitambaa.

"Huu ni utitiri! Mwanangu mzima, ananyonya, ananenepa. Mwangalie yeye basi!"

"Mimi nakagua majani," mkaguzi alijibu. "Nitarudi Ijumaa."

Mkaguzi alipotoka, Sikudhani alibamiza mlango. Alichukua kitambaa na maji ya sabuni, akaanza kufuta majani, juu na chini, huku akimtukana yule mtu kwa sauti. Mumewe aliporudi mchana alimkuta bado anafuta, na Tausi kitandani amelia hadi sauti imemkauka.

"Sikudhani, humsikii mwanao?"

"Nyamaza!" alifoka, macho yakiwa kwenye jani. "Hivi hutaki abaki na sisi?"