Hesi kwenye Mtutu wa Baba

"Ukishakata, hamna kurudisha," alisema Loretta, fundi wa bunduki, mkono wake ukiwa juu ya swichi ya mashine ya kerezo, ile ya kuchongea chuma. Bunduki ya marehemu Otis Stroud ilikuwa imebanwa mbele yake, mtutu laini vilevile kama ulivyotoka kiwandani mwaka 1948.

Virgil, mwanawe Otis, alikuwa na miaka sabini na moja na hasira za kijana wa ishirini. Alimwambia fundi akate.

Loretta akajaribu tena kumtuliza. Zipo breki za mtutu za kubana kwa pete na skrubu, alimweleza, ambazo hazihitaji hesi, ile mifereji ya kukazia skrubu, wala kuuharibu mtutu wa mzee. Virgil akauliza kama zinaweza kulegea. Zinaweza, alikiri Loretta, na breki ikikaa upande kidogo tu risasi itaigonga. Basi Virgil hizo hazitaki. Anataka hesi zikatwe kwenye mtutu wenyewe, breki ikazwe hapo, kisha ichomelewe.

"Ichomelewe, mzee Virgil?"

"Kabisa. Asije mtu wa kamati ya klabu akaniambia niifungue."

Breki ya mtutu ni kipande cha chuma chenye matundu ubavuni. Anayefyatua hupunguziwa teke la begani, na kishindo chote hurushiwa aliyekaa meza ya jirani. Virgil aliyajua hayo vizuri mno. Kwa miaka mitatu, kila Jumamosi kwenye uwanja wa shabaha wa klabu yao huko West Virginia, Dewey Lautz alikaa meza ya saba na bunduki yenye breki, naye Virgil akakaa ya sita, na kila Dewey alipofyatua, kofia ya Virgil iliruka na kahawa yake ikajaa vumbi.

Kofia si kitu. Kilichomuuma ni kwamba alikuja pale kuisikia bunduki ya baba yake. Ilikuwa na mlio mkavu, mfupi, ambao tangu utotoni aliutambua hata akiwa jikoni na mzee yuko mlimani akiwinda. Otis hakuacha kitu kingine chenye sauti. Sasa, kwa makelele ya Dewey, Virgil alifyatua asisikie ila masikio yakivuma. Vuli iliyopita alijikaza akamweleza Dewey hayo yote mbele ya wanachama.

Dewey alicheka. "Virgil, bwana, vaa vikinga masikio viwili, kimoja juu ya kingine."

Wengine nao wakacheka. Virgil alirudi nyumbani na kicheko kile, akakaa nacho majira yote ya baridi. Dewey alipompigia simu Februari, hakupokea. Alipopiga tena Machi, Virgil alichomoa waya wa simu ukutani, na wiki hiyohiyo akaenda kwa Loretta.

Uwanja ulifunguliwa tena Jumamosi ya kwanza ya Aprili. Virgil aliwahi mapema, akaiweka bunduki mezani, breki mpya ikielekea mbele. Dewey alipofika na mkoba wake wa bunduki uliofungwa, alimsalimia, akasema ana neno la kumwambia. Virgil akamjibu wataongea akishamaliza kupiga.

Kisasi kina utamu wake, tusidanganyane. Virgil alingoja Dewey avae vikinga masikio vyake, aketi, ainue kikombe. Ndipo akafyatua. Kofia ya Dewey iliruka hadi nyuma ya mabenchi, na kahawa yote ikamwagika usoni na kifuani. Virgil aliona raha ambayo hakuwahi kuionja tangu aanze kuota mvi.

"Vaa viwili, bwana," alisema. "Kimoja juu ya kingine."

Dewey hakukasirika. Alijifuta uso kwa mkono wa shati, akautazama mtutu wa Otis kwa muda mrefu, hasa pale palipochomelewa. Kisha akaufungua mkoba wake. Bunduki iliyokuwamo haikuwa na breki.

"Nilikupigia simu mara mbili," alisema taratibu. "Niliwaomba kamati wazipige marufuku hizi breki, na jana wamekubali. Nilitaka tuisikie ile bunduki ya mzee wako."