Nani Kasema Karibu?

Siku hizi watu hawatembeleani, hutuma ndege. Ndege wa bati hupiga mbawa mtaa hadi mtaa, hutua dirishani na kupiga hodi kwa sauti ya aliyemtuma. Ukisema karibu, huingia mkazungumza. Usiposema, haingii, hata mvua ya mawe inyeshe. Adabu ni adabu.

Ijumaa hiyo Mwanamvua alikuwa na ndege wa mdogo wake, Rukia. Kamwekea kikombe cha kahawa, ingawa hanywi. Mgeni ni mgeni. Wakacheka mambo ya utotoni, na Mwanamvua akamweleza hata ile ndoto aliyomficha kila mtu.

Mara mlangoni, "Hodi!"

Sauti ya Rukia. Mwanamvua akamtazama ndege. Mdomo kaufumba.

"Hodi, dada! Nimekuja mwenyewe. Ndege wangu kapotea tangu Ramadhani."

Mwanamvua akageukia mlango. Basi tangu Ramadhani alikuwa akimpa nani siri zake? Na huyu wa nje, nani kamwona? Akafumbua kinywa, asijue amkaribishe yupi.

Ndege akamtangulia, kwa sauti ya Mwanamvua mwenyewe: "Karibu, mdogo wangu. Pita ndani."

"Starehe, dada, usinyanyuke," akajibu Rukia kutoka mlangoni.

Rukia akaingia, Rukia wa nyama na damu, akavua viatu, akampita Mwanamvua kitini kama hakumwona, akamwinamia ndege.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," akaitikia ndege.

Mwanamvua alitaka kupiga kelele. Neno lililomtoka kinywani lilikuwa, "Hodi."

Hakuna aliyemjibu.