Ngumi Ndani ya Maji

Mwanamume aliyekuwa akizama alimrukia mwokoaji, akamkaba shingo kwa mkono mmoja na kumzamisha.

Huo ndio ulikuwa mtihani wa mwisho wa mwokoaji kabla ya kuvishwa beji. Mazoezini aliyejifanya anazama alikuwa mkufunzi, tena huku anacheka. Lakini asubuhi hiyo boti ya abiria ilipinduka kweli karibu na gati, wakaifikia kwa boti ya uokoaji, na mkufunzi akamsukuma begani. "Haya binti, mtihani ndio huo. Ingia!"

Sasa mkono ule ulikuwa unamnyonga. Alikunywa maji, akapiga mateke, akamng'ata mtu wa watu hadi kwenye nyama, asiachiwe. Kifua kikaanza kumwaka moto. Akakunja ngumi, akampiga puani. Mfupa ulivunjika, akausikia ukivunjika. Akampiga tena, na tena, mpaka mwili mzima ukalegea.

Akamburuta hadi kwenye boti ya uokoaji. Mkufunzi akawavuta wote wawili juu.

"Safi sana! Angekuua yule. Beji ni yako, mwanangu."

Mwanamume alitapika maji na damu, na jino moja likadondoka sakafuni. Akauinua mkono wake wa kushoto, akakikodolea macho kiganja kitupu.

"Mke wangu yuko wapi?" aliuliza. "Nilikuwa nimemshika kwa mkono huu."

Mwokoaji alikimbilia ukingo wa boti. Mkufunzi alimwahi, akamdaka mkanda wa jaketi. "Huna pumzi, binti. Tulia!"

Mwokoaji alimpiga na yeye ngumi, akajitupa majini.